Mdomo wa Fundi wa Friji

Mafundi waongeaji tumewaona, ila huyu wa friji alikuwa na shahada ya domo. Vidole vyeusi ndani ya waya, tochi kwapani, na bado anahubiri: "Mama, 'why' ya Kiingereza ilitokana na 'what'. Zamani maana yake ilikuwa 'kwa kitu gani'."

Shangazi yangu alitamani kumrushia mwiko. Insulini ya mumewe ilikuwa kwenye bakuli, barafu imeshayeyuka. "Fundi, mimi nauliza friji inapona lini!"

"Hiyo sasa ni 'when', mama, ukoo uleule."

Mara akagusa waya mmoja, akanyamaza kabisa. Shangazi akashika kifua. Kimya kile hakukizoea. Friji ikanguruma. Shangazi akaisukuma dawa ndani upesi, kabla fundi hajakumbuka alipoishia.