Turubai Limefungwa kwa Zabibu

Nimefika miji ambako watu husoma kengele, na mingine ambako husoma bendera. Singida mjini, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, watu walisoma turubai. Likitandikwa chini, kuna mtu anaanika alizeti. Likifungwa juu ya miti uani, kuna msiba.

Zabibu, mke wa dereva Luqmani, aliishi kwa mabaki ya turubai. Wafanyabiashara walikuwa wameujaza mji malori, na turubai lililochakaa lilipovuliwa, yeye alilichukua. Kwa sindano ya gunia alitoa mikoba ya shule, aproni za wauza nyama, pazia la choo. Vipande vikubwa aliviunga hadi vikawa turubai zima tena, la rangi tatu.

Mchana mmoja alisikia sokoni kwamba lori limepinduka Mlima Sekenke. Luqmani alikuwa akirudi kutoka Mwanza kwa njia hiyohiyo. Malori ni mengi, alijiambia. Alipokata kona ya nyumbani akaona turubai limefungwa uani kwake.

Kikapu kikamponyoka. Wanawake walishakaa kwenye mikeka, kuni zimelundikwa ukutani. Mmoja alipomwona akaangua kilio, wengine wakakipokea.

"Nani?" aliuliza.

"Jikaze, mama."

"Swaumu, niambie. Ni Luqmani?"

Swaumu, jirani yake wa ukuta mmoja, akainamisha kichwa. "Mimi nimekuta wenzangu wanalia, dada. Nikalia."

Msibani hakuna anayeanza kwa kuuliza. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Zabibu akaingia chini ya turubai akitafuta mwili. Alimkuta mzee Mughwai, mkulima wa Ulemo aliyeagiza turubai la kufunikia mahindi, amesimama akitazama juu.

"Shikamoo," alisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba, binti. Nimekukosa, nikalifunga mwenyewe nilione juani. Lina matundu mawili huku. Ila hawa wenzako wanalia nini?"

"Mzee, umetuua!" alifoka Swaumu. "Hujui turubai likifungwa ni msiba?"

"Kwetu msiba ni moto uani. Turubai ni la mahindi."

Mtu mmoja akacheka. Zabibu hakucheka.

"Sekenke ni lori gani?"

Hakuna aliyejua.

"Basi lishusheni!"

Hakuna aliyenyanyuka. Kulishusha ni kusema msiba umekwisha, na nani angethubutu kusema hivyo? Zabibu akachukua kisu chake cha kazi, akakata kamba moja baada ya nyingine, turubai likamwangukia Mughwai kichwani. Kisha akaketi mlangoni. Wanawake hawakuondoka. Walikaa naye, na hilo lilimtisha kuliko kilio.

Alasiri lori likanguruma barabarani. Luqmani akateremka, vumbi hadi kwenye kope. Zabibu akamkimbilia, akamkamata shati.

"Ni Kefa," Luqmani alisema, akiwatazama wale wanawake. "Utingo wa lori lililopinduka mbele yetu. Mwili wanauleta nyuma."

Wanawake wakajitwisha kuni zao kwenda kwa mama yake Kefa, mtaa wa pili. Swaumu akalitazama turubai pale chini, kisha akamtazama Mughwai. Mzee akashika pembe moja bila kuombwa.

"Zabibu, shika huku, tukalifunge kwa mama yake Kefa," Swaumu alisema.

Zabibu alisikia. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekaza kwenye shati la mumewe, vikakataa kufunguka.