Kaburi Nililomwonyesha Madame Ruth

Chekeni tu, sikatazi, maana hata mke wangu alicheka kwanza kabla ya kunyamaza. Lakini aibu niliyoipata pale makaburini, mbele ya watu waliokuja kuzika mfu wao, sijaona nyingine inayoifikia, na hadi leo nikikatiza sokoni nikasikia mtu nyuma yangu anasema, “Njo ule tata wa bendera,” yaani ndiye yule baba wa bendera, naangalia chini nakaza mwendo kama mwizi.

Mimi nasimamia nyumba ya wageni huku Dilala, mjini Kolwezi, na mgeni wetu aliyekaa muda mrefu kuliko wote ni Madame Ruth, nesi Mmarekani aliyekuja kuwafundisha manesi wa hapa. Mama mpole, lakini ana kalenda yake aliyoibandika ukutani jikoni, na siku za kwao lazima zote tuzifanye pamoja. Mwezi wa kumi alichonga boga likawa na macho na meno, akaliwashia mshumaa ndani, na mlinzi wetu akakataa kabisa kupita upande ule. Siku yao ya Shukrani ilipofika bata mzinga hakupatikana Kolwezi nzima, tukamchoma bata wa kawaida, Madame akamshukuru Mungu kwa machozi (bata mwenyewe alikuwa mgumu kama kandambili, lakini tulikula). Mimi nilizizoea sikukuu hizo, tena nilizipenda, kwa sababu kila moja ilikuwa na chakula.

Basi mwishoni mwa mwezi wa tano, asubuhi, namkuta Madame amesimama mbele ya kalenda, chai yake imepoa. Akaniambia Jumatatu ile, kwao, watu wanawapelekea askari wao waliokufa vitani maua na bendera ndogo juu ya kaburi. Mdogo wake wa kiume, Daniel, alikufa hivyo. Kila mwaka alikuwa akienda na mama yake, sasa mama naye hayupo, amebaki yeye, na yeye yuko huku kwetu.

“Kwa hiyo mwaka huu hakuna atakayekwenda,” akasema.

Mimi moyo ukaniuma, na nikitaka kumfariji nikamwambia (kwa Kiingereza changu nilichokiokota Zambia) kwamba hata sisi tunayo siku ya namna hiyo, mwezi wa nane tarehe moja, asubuhi tunasafisha makaburi ya wazazi, kisha tunakula na wale walio hai. Akanigeukia. Je, baba yangu mimi amezikwa hapa? Ndiyo, Madame. Je, angeweza kuja na maua yake, ayaweke pale, ainame kidogo amkumbuke Daniel?

“Kaburi lake unalijua?”

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema tu, sijui vizuri, ngoja nimuulize dada yangu, mambo yote yangeishia jikoni. Lakini mtu mzima mwenye ndevu za mvi atamwambiaje mgeni kwamba hajui baba yake alipolala?

“Nalijua sana, Madame.”

Ukweli ni huu: baba alipokufa nilikuwa Sandoa kutafuta mahindi, mvua imekata barabara, na nilipofika Kolwezi walikuwa wamekwisha kumzika. Dada yangu mkubwa, yaya Odile kama tunavyoita dada huku, alinipeleka, akanionyesha tuta la udongo mwekundu na msalaba wa mbao, mvua inanyesha na macho yangu yenyewe yanatiririka, nikaona nini? Na miaka iliyofuata, tarehe moja mwezi wa nane nyumba ya wageni inajaa, Odile ndiye anayekwenda na jembe.

Jumatatu ilipofika tukapanda taxi-moto mbili, pikipiki za abiria, yeye na maua, mimi na jembe. Na nilipoingia makaburini nilitembea kama mwenye shamba lake! Upande wa kushoto watu wengi walikuwa wakizika, wanaimba, nikawapita kwa heshima nikaendelea, na ndani ya tumbo nasema, Mungu nionyeshe msalaba mmoja tu. Nikauona. Wa simenti, maandishi yamekwisha kuliwa na mvua, limebaki neno moja: ILUNGA. Jina la baba! (Kweli, nusu ya wafu wa pale ni akina Ilunga, lakini mtu akizama hachagui kijiti.) Nikajiambia labda Odile alibadilisha ule wa mbao.

Madame akaliangalia kaburi. “Baba yako alikuwa mfupi?”

“Mfupi sana,” nikasema. Baba yangu! Mtu aliyekuwa akiinama kwenye kila mlango wa nyumba za kampuni ya migodi.

Nikalima majani. Madame akapanga maua, akachomeka bendera yake ndogo kichwani pa kaburi, akapiga magoti, akaanza kusema taratibu na Daniel wake. Mimi nilikusudia kuigiza kidogo tu, ili asinishangae, nikainama nikasema, “Tata, nimefika. Unisamehe, mvua ilinizuia, sikukutupia hata konzi ya udongo…” Basi, kuigiza kukaishia hapo. Nililia, ndugu zangu. Kilio nilichokuwa nacho tangu Sandoa kilitoka chote pale, nimeshika msalaba wa watu kwa mikono miwili.

“Weye tata, unafanya nini pale?”

Nyuma yangu mama mmoja, jembe begani, ndoo mkononi, anatoka shambani kwake. Akaona udongo uliochimbuliwa, akaona muzungu, akaona bendera, akatupa ndoo. “Beko banachimba mutoto yangu! Bantu, mukuye! Banatafuta madini mpaka kwa bafu!”

Alidhani tunawafukua wafu kutafuta madini, na Kolwezi mnaijua. Watu wanachimba ndani ya uwanja, chini ya kitanda, basi nani asingeamini? Nyimbo za mazishi zikakatika, watu wakaja mbio wote, na kijana mmoja aliyevaa buti za mgodi uitwao Mashamba akaelekeza kidole kwenye ile bendera: “Muone, bamekwisha kuweka alama! Kesho bataleta mashini!” Mwingine akanikamata kola. Madame akaniuliza wanasema nini, nami nikawageukia wale watu.

“Ni kaburi ya baba yangu,” nikasema, sauti kama ya panya.

Mama yule akanisogelea. Halafu akasema pole pole, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kola: “Tata, ule ni mutoto yangu. Alikufaka hajaanza hata masomo. Ilunga ni jina ya baba yangu, njo maana mi peke yangu nilikuwa namuita tata. Nimekusikia unamuita tata, nikafikiri nimepata wazimu.”

Aliyenikamata kola akaniachia. Ikabidi niseme ukweli pale, kwanza kwa Kiswahili mbele ya waombolezaji, kwamba sijui baba alipozikwa, halafu kwa Kiingereza mbele ya Madame, na sijui ni mara ipi iliyokuwa nzito zaidi. Mmoja alicheka. Madame hakucheka. Alichomoa bendera yake, akaikunja, anaomba radhi.

“Muulize,” mama akasema, “yeye analilia nani?”

Nikatafsiri. Madame akajibu: ndugu yangu wa kiume. Alikuwa mdogo wangu, mimi ndiye niliyembeba mgongoni.

Mama akamtazama, akaokota ndoo yake, akaketi chini kando ya kaburi. “Basi alie. Maua abakishe. Mutoto yangu hana mutu mwingine wa kumulilia, ni mi tu.” Wakakaa wale wawili, hawaelewani hata neno, na mimi nimesimama na jembe.

Waombolezaji walirudi kwa mfu wao. Nikajitenga, nikampigia Odile simu kumlaumu na kumwomba: yaya, niambie leo, baba yuko wapi?

Odile akajibu:

“Selestini, mi pia sijue tena. Ule msalaba wa mbao ulipoteaka mwaka wa pili. Kila mwaka nasafisha pale-pale karibu na njia, nasema labda njo hapa. Nilikuwa naogopa kukuambia.”

Tarehe moja mwezi wa nane nilifunga nyumba ya wageni. Tulikwenda mimi na yaya Odile, tukalima mstari mzima ule wa karibu na njia, kila kaburi, lenye jina na lisilo na jina, hadi viganja vikatoka malengelenge, kwa sababu mojawapo ni la baba. Na nimeapa: kitu nisichokijua nitasema sikijui, hata mbele ya mgeni, hata kama ni kaburi la mzazi wangu.