Mama Odile na trompeti ya karatasi kwenye ndoa ya Manika

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi.

Hii niliiona mwenyewe, gitaa mkononi. Chumvi nitatia kidogo, lakini nyama ni ya kweli.

Orchestre yetu hapa Manika tunapiga kwa sikio. Mimi diploma ya shule ya jioni ninayo, solfège, kule kusoma muziki kwenye karatasi, sijui hata harufu yake. Lakini rumba inanijua kwa jina.

Jumamosi moja tulikuwa na ndoa, mpiga trompeti wetu akaugua. Familia ikatuletea Mama Odile wa fanfare, bendi ya matarumbeta ya kanisa, na karatasi zake za kuandikia muziki.

Tata Kalenga, mzee wetu mpiga ngoma, akacheka. "Mama, hapa si misa. Sebene haiandikwake."

"Pigeni kwanza, tata. Mi nasikiliza."

(Sebene ni kile kipande cha mwisho chenye kasi, gitaa linawaka na watu wanainuka.)

Tukapiga. Akaandika. Tukarudia, naye akapiga yote bila kukosa hata pumzi.

Wakuu, nywele zilinisimama mpaka kofia ikapanda.

Sasa shida yenyewe. Kwetu mama wa bibi arusi ndiye anafungua dansi. Akikaa, karamu inageuka matanga. Na bibi arusi alikuwa ametuambia: "Tangu tulizika papa, mama hajacheza. Leo asipoinuka, nitatoka hapa na uchungu."

Sebene ikaanza. Mama amekaa.

Kalenga akaongeza kasi. Mimi nikaongeza vidole, nyuzi zikatoa moshi. Mama akazidi kuinama. Bibi arusi alianza kufuta macho.

Mama Odile akashusha trompeti. "Kalenga, punguza. Angalia mguu wake."

Chini ya kiti cha mama, ndani ya pagne, kitenge chake, mguu mmoja ulikuwa unagonga udongo. Polepole sana.

Tukapunguza. Trompeti ikaingia pale pale mguu uliposhuka.

Mama akainuka.

Alicheza, wakuu. Vumbi lote la Kingamyambo, kule kwenye mabaki ya migodi, lilihamia uwanjani. Upepo ukabeba karatasi, hakuna aliyeinama kuziokota, na trompeti haikusita.

Baadaye nikamuuliza Mama Odile: "Mama, karatasi zilienda. Ulikuwa unasoma nini?"

"Miguu yake. Nyinyi mulikuwa munasikiliza gitaa zenu tu."

Nilichojifunza ndicho hicho. Siku hizi tunapiga tukitazama chini, na Kalenga anaenda kusoma solfège kwa Mama Odile. Kofia anavua mlangoni.

Nani humu ameshapiga ndoa, mama akagoma kusimama? Mulifanya nini? Andikeni, nasoma.