Koki ya Jikoni kwa Baba Mkubwa

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kichwani kila nikishika spana, na kwa kuwa umeniambia unaanza kujifunza ufundi wa bomba, keti nikusimulie. Kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Hata chai nikiletewa huuliza ni nani aliyetia sukari. Cheka tu, mke wangu naye alicheka miaka yote na sikubadilika. Ila siku hiyo ilinifundisha pa kuanzia kushuku.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetawala, na huku kwetu mlimani Meru, juu ya Makumira, kahawa ilikuwa imewawezesha wazee wachache kuvuta bomba kutoka chemchemi mpaka jikoni. Baba Mkubwa na mdogo wake, Baba Mdogo Yakobo, walivuta moja kwa pamoja. Lilipita kwanza kwa Yakobo, maana nyumba yake ilikuwa juu, ndipo likateremka kwa Baba Mkubwa. Mimi nilikuwa nimemshikia spana fundi mmoja mjini, upande wa Themi, kwa miezi michache, nikajiona nimeiva. Nikawaambia wazee wangu kwamba bomba la mmoja likivuja hakuna haja ya kupanda chemchemini kuwafungia wote maji. Niwawekee koki ndogo ya kufungia maji kabla ya kila bomba la jikoni, kila mtu afunge ya kwake, abadilishe kipande cha ngozi kilicholika ndani ya bomba lake, na mwenzake aendelee kuchota.

Yakobo alinisimamia nilipokuwa nafunga ya kwake.

"Kwa hiyo mtu akiizungusha hii, maji yanakata?"

"Yanakata, Baba Mdogo."

"Na aliye nje hawezi kujua?"

"Hawezi."

Akatikisa kichwa. Swali lile nililiweka moyoni.

Ujue sisi tumelelewa na mfereji. Maji ya migomba huja kwa zamu, na yakikauka kabla hayajakufikia, huna haja ya kuuliza, aliye juu yako ameziba kwa tope na vigogo vya mgomba. Mtoto wa Kimeru hujua kumshuku aliye juu kabla hajajua kuhesabu.

Kwa Baba Mkubwa nilifunga jioni. Nilizungushia nyuzi za katani kwenye meno ya bomba, nikapaka rangi pasivuje, nikakaza mpaka mkono ukauma. Kisha nikapanda chemchemini kuyafungulia maji, na badala ya kuteremka kutazama kama yamefika, nikakatisha kwenda kula kwa mama. Niliona fundi aliyeiva hana cha kurudi kutazama.

Asubuhi Baba Mkubwa alinifuata. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Kwangu pakavu," alisema. "Kwa Yakobo yanamwagika."

Nikaenda mbio jikoni kwake. Koki ilikuwa wazi kabisa, nimeizungusha mpaka mwisho, na bomba halikutoa hata tone. Tukapanda kwa Yakobo. Bomba lake lilikuwa linatiririka, mkewe anaosha sufuria.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Baba Mkubwa alisema kwa sauti ya chini.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Jana aliniuliza kama aliye nje anaweza kujua." Neno hilo lilitosha: bomba lilipita kwanza kwake, tukaona amepata namna ya kuyakata ndani kwake. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni hivyo hivyo.

Siku hiyo hiyo akaitwa mshili, yaani mzee wa ukoo anayeamua kesi zetu, jina lake Naftali. Kiangazi kilikuwa kimeanza, mwanangu, na aliyethibitika kuiba maji alitengwa na mfereji. Kutengwa kiangazi ni kutazama migomba yako ikifa, na watoto wa Yakobo walikula kutoka kwenye migomba ile. Yakobo alisimama mbele ya wazee, kofia mkononi, akasema tu, "Sijagusa kitu." Kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kuamini kuwa ndiye. Ukishamshuku mtu, akisema unaona anajitetea, akinyamaza unaona anaficha.

Mzee Naftali alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwenye mfereji, mtu akilia kukaukiwa, tunaanza kutembea kutoka wapi?"

"Shambani kwake mwenyewe," wazee wakajibu.

"Na kabla hatujafika palipozibwa, tunataja jina la mtu?"

"Hatutaji," mmoja wao akasema.

"Basi twendeni jikoni kwa kaka mtu."

Akainama pale jikoni, akaigusa koki. "Hii nani ameiweka?"

"Mimi, mzee. Lakini haina shida, nimeshaiangalia."

"Umemwangalia Yakobo, kijana. Hii hujaiangalia. Ifungue."

Nikalegeza nati ya upande wa chemchemi. Maji yakaruka, yakanipiga kifuani, yakamlowesha mshili koti lake. Yalikuwa yamefika! Usiku kucha yalikuwa mle jikoni, yamesimama mlangoni pa koki yangu. Mtu akakimbia kuyafunga juu, nami nikabaki nimeishika koki mkononi, ndipo nikauona mshale mdogo ubavuni mwake. Kule Themi fundi alinipa koki tayari imeelekezwa, sikuwahi kujiuliza. Ndani yake mna kifuniko kinachocheza. Maji yakiingia kwa kufuata mshale hukinyanyua yakapita, yakiingia kinyume hukikandamiza na kujizibia njia. Ya Yakobo nilikuwa nimebahatisha tu. Ya Baba Mkubwa nilikuwa nimeiweka kinyume.

Nikaigeuza, maji yakatoka. Hakuna aliyeshangilia.

"Nyani haoni kundule," mshili aliniambia huku akikamua koti. "Macho unayo makali, ila yote yako kwa watu. Anza kuitazama mikono yako."

Niliona aibu. Baba Mkubwa akachuma jani la isale, ambalo kwetu hupelekwa kuombea msamaha, akanipa mimi nilibebe, kwa kuwa ulimi uliomshtaki Yakobo ulikuwa wangu. Yakobo alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimesamehe," alisema. "Sasa njoo uing'oe koki yangu."

"Baba Mdogo, ya kwako iko sawa."

"Najua. Nilikuuliza lile swali kwa sababu niliogopa siku kama hii. Sitaki ndani ya nyumba yangu kitu cha kumfanya kaka yangu anitazame vile tena."

Nikaing'oa. Tangu hapo bomba lake likivuja, alipanda mwenyewe mpaka chemchemini, hata alipozeeka na magoti yakamshinda, akifunga maji na kuwaomba radhi nyumba ya pili. Nilimwomba mara nyingi niirudishe, akawa anacheka na kukataa. Tulimzika akiwa bado hana koki.

Kwa hiyo mwanangu, sikuambii usishuku. Dunia ina wezi, na mimi mwenyewe sijaacha. Nakuambia uanzie penye ukavu, kwenye kazi ya mkono wako, uifungue na kuitazama kabla hujataja jina la mtu. Na ukifungulia maji, teremka ukaone yamefika, chakula cha mama kitakusubiri. Koki iliyowekwa kinyume niliigeuza kwa dakika chache, lakini ile hofu ya Yakobo sikupata spana yake.

Nenda, Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi mzito. Maji utakayoyafungulia yamfikie kila mwenye kiu, wa juu na wa chini, na pasiwe na nyumba itakayokauka kwa sababu ya neno lako.