Ngege wa Kukaanga na Mtoto wa Jirani

Nyumba za reli tulimokaa Nakuru zilikuwa chumba kimoja kwa kila familia, zimepangwa kwa mstari mrefu kama mabehewa, nasi tuliziita landi. Baba alifanya kazi stesheni, ya kuunganisha mabehewa. Tulikuwa Wajaluo, watu wa upande wa Kisumu, na kitu Mama alichokikosa zaidi kule ugenini kilikuwa samaki. Ziwa la Nakuru lilikuwa pale pale chini, tukiliona kila tukitoka mlangoni, lakini maji yake ni ya magadi na hapakuwa na samaki wa kula. Kwa hiyo tulingoja treni. Mtu mmoja wa kwetu aliyesafiri na treni ya mizigo alikuwa akituletea ngege, samaki wa ziwa la kwetu, waliofungwa kwa majani mabichi, na siku hiyo Mama aliimba toka asubuhi.

Mama alijua njia moja tu ya kumpika ngege: mzima, na kichwa chake, kwa nyanya na chumvi. Njia ya pili alifundishwa na jirani yetu.

Jirani huyo alikuwa Mkikuyu. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, akafanya kazi jikoni kwa mzungu huyo tangu alipokuwa msichana, mpaka ile miaka ya Hali ya Hatari ilipoanza, Wakikuyu walipoinuka kudai ardhi yao, na wazungu wakaanza kuogopa hata watu waliowapikia chai. Akaambiwa aondoke. Akaja landi kwa mumewe, seremala wa reli, akiwa na mtoto wa kike mgongoni. Haukupita muda mrefu mumewe akachukuliwa kazini pamoja na wenzake, na hakuna aliyemwambia amepelekwa wapi. Tangu siku hiyo alikaa mle chumbani akisubiri zamu yake, wala hakuficha kwamba anaisubiri.

Nadhani alianza kuja kwetu kwa sababu hakuweza kukaa peke yake. Siku moja alimkuta Mama anasafisha ngege nje, akachutama.

"Mama, nipe kisu," alisema. "Nikuonyeshe wazungu wanavyomla huyu."

Alimpasua ngege kando ya mgongo, akatoa mnofu mzima upande huu na upande ule, bila mfupa hata mmoja. Mama alipoona kichwa kinawekwa kando alishtuka kweli.

"Kichwa unakitupa?"

"Wao ndio hutupa. Wewe kitie kwenye mchuzi wako."

Kisha aliikausha minofu kwa kitambaa, akasema samaki mwenye maji huvua koti lake ndani ya mafuta. Akaipaka unga mkavu wa ngano, akaukung'uta. Katika bakuli alikoroga unga mwingine na yai, chumvi, magadi kidogo yaliyosagwa laini, na maji baridi ya mtungi. Hakukoroga sana. Mama alitaka kuendelea mpaka madonge yaishe, akazuiwa mkono. Rojo lilipokuwa zito kiasi cha kushika kijiko, alidondosha tone moja kwenye karai la mafuta; likazama, likaibuka likichemka pande zote. Ndipo akaingiza samaki, vipande viwili tu kwa mara moja, akimshusha taratibu kutoka kwake kwenda mbele ili mafuta yasimrukie.

Mimi nilikuwa nimekaa na mtoto wake mapajani, nikitazama lile ganda likivimba na kugeuka rangi ya mkate. Alipovitoa, aliviegemeza kwenye wavu wa waya. Nilitaka kuvifunika visipoe.

"Usifunike," aliniambia. "Mvuke utalilainisha ganda, na kazi yote itakuwa bure."

Tulikula tukisikia ganda linavunjika mdomoni. Baba, mtu asiyesifu chakula, aliuliza kama kuna kingine. Jirani yetu hakula. Kwao samaki haliwi. Alisema tangu utoto aliambiwa ni ndugu wa nyoka.

"Sasa unajuaje kama ameiva?" Mama alimwuliza.

"Kwa masikio. Akiingia, mafuta hupiga kelele. Akiiva, yananyamaza kidogo. Basi."

Lakini mtoto wake alikula. Alikuwa bado hajaanza kutembea vizuri, ana meno machache mbele, na alilitafuna lile ganda huku mafuta yakimtiririka mpaka kifuani. Mama yake alimtazama akacheka. Sikumbuki kumwona akicheka mara nyingine.

Basi ikawa hivyo kila samaki walipofika. Na ikawa hivyo alasiri ile malori yalipokuja.

Jirani alikuwa anakaanga nje ya mlango wetu. Mtoto alikuwa na usingizi na analialia, na kwa kuwa mikono ya mama yake ilikuwa imejaa rojo, Mama alimchukua akamfunga mgongoni kwa shuka. Alilala hapo hapo. Kisha tukasikia injini upande wa barabara, na watu wanaanza kukimbia, na milango inafungwa. Askari walipita mlango kwa mlango wakitafuta Wakikuyu. Walikuwa wanarudishwa wote kwao, ndivyo ilivyosemwa, hata wale ambao hawakuwahi kukuona huko kwao.

Askari mmoja alisimama mbele ya karai letu.

"Wewe kabila gani?"

Jirani alimwambia. Hakujaribu hata kudanganya. Majirani wote walikuwa wanamjua.

"Panda lori."

Alisimama. Alijifuta mikono kwenye gauni lakini rojo lilikuwa limeshaanza kukauka vidoleni. Alimtazama Mama, kisha kile kichwa kidogo kilichotokeza juu ya shuka. Askari naye akatazama huko huko.

"Na hii toto ni ya nani?"

Ndani ya karai samaki alikuwa anaungua, na hakuna aliyemgeuza.

"Ya huyu mama Mjaluo," jirani alisema.

Askari akamgeukia Mama. "Ni yako?"

"Ni yangu," Mama alijibu.

Sijui ni nani kati yao aliyefikiri kwanza. Hawakuwa wamepanga. Jirani aliondoka mbele ya askari bila kugeuka nyuma, nami nilielewa, hata kwa umri ule, kwamba akigeuka tu atatuponza sote. Lori lilikuwa limejaa wanawake, masufuria na magodoro. Lilipoondoka mtoto alikuwa bado amelala. Mama alisimama pale mpaka moshi wa karai ukamtoa machozi, au tulisema ni moshi.

Mtoto alipoamka aliita, "Maitu! Maitu!" Ndivyo Wakikuyu wanavyomwita mama. Baba alikuwa amerudi kutoka kazini. Aliuziba mlango kwa mwili wake.

"Neno hilo lisisikike tena humu ndani," alisema. "Tutafungwa sote."

Kwa hiyo tulimnyang'anya neno lile. Kila alipoliita tulimziba mdomo, au tulimtilia chakula, mpaka akajifunza kumwita Mama "Mama" kama sisi. Nilimbeba mgongoni kutwa nzima. Usiku alilala kati yangu na ukuta. Nilimpenda, na niliona aibu kumpenda, kwa sababu nilijua yuko kwetu kwa nini.

Kitu alichokula kwa furaha ni kile kile, ngege mwenye ganda. Mama alijifunza kukaanga vizuri kama aliyemfundisha, akiinamisha sikio juu ya karai kusikiliza mafuta. Hata samaki walipokosekana alikaanga rojo tupu, vipande vidogo vidogo, mtoto akidhani ni samaki.

Msimu wa baridi uliofuata, surua iliingia landi. Ilipita nyumba nyingi. Mimi iliniacha, yeye ilimshika. Macho yalivimba, akakataa uji, akakataa maziwa. Mama alitaka kumpeleka hospitali. Baba alisema wataandika jina la mtoto na la baba yake, na kila mtu humu landi anajua sisi hatukuzaa mtoto mwaka ule, atakayeulizwa atasema.

"Tungoje kesho," alisema. "Joto likizidi, tutakwenda hata kama watanifunga."

Mama alipika ngege. Sijui walipatikana wapi siku ile, Baba alikwenda stesheni akarudi nao. Mama alifanya kila kitu polepole: kitambaa, unga mkavu, rojo, tone la kupima. Alipoleta kipande, mtoto alikishika mkononi. Alikipeleka mdomoni, hakukitafuna. Alikaa nacho hivyo, ganda likilainika kwa mate, mpaka kikamdondoka.

Alfajiri Baba alikuwa ameshavaa koti ili wampeleke. Hapakuwa tena na wa kumpeleka.

Tulimzika makaburini, sehemu ya watoto, watu watatu tu na mchimbaji. Baba alichomeka mti wa alama. Hakuandika kitu juu yake, kwa maana jina lipi angeandika? Mama alimpa karai mwanamke wa mlango wa tatu, na baada ya hapo ngege walipokuja alirudia kuwachemsha na vichwa vyao.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimekwisha kuwa msichana mkubwa, na Wakikuyu walikuwa wameanza kuruhusiwa kurudi mjini, jirani yetu alipotokea. Mama alikuwa anafua nje. Mwanamke aliyekuja alikuwa amekonda na nywele zake zina mvi, akitembea kwa kuvuta mguu mmoja. Alinitazama mimi kwanza. Kisha akatazama mlangoni, na ndani ya mlango, na watoto waliokuwa wakicheza vumbini, mmoja baada ya mwingine, akitafuta msichana wa umri fulani.

Mama aliinuka, mikono ikitiririka maji. Nafikiri jirani alijua hapo hapo, lakini aliuliza.

"Yuko wapi?"

"Dada yangu, keti kwanza."

"Sikuja kukaa. Yuko wapi?"

Mama alimwambia. Alimwambia yote, surua, na ile siku ya kungoja, hakumficha. Jirani alisikiliza amesimama. Hakulia. Alitaka kuonyeshwa mahali.

Baba alipotoka kazini tulikwenda sote wanne, yeye akitangulia. Alikwenda moja kwa moja, kama mtu anayejua, kisha akasimama. Sehemu ile ya watoto ilikuwa imechimbwa tena na tena. Majani yalikuwa yamefika magotini, vilima vidogo vimeshuka, hakuna mti hata mmoja uliosimama. Alihesabu kutoka kwenye ukingo, akarudi, akahesabu upya. Alituonyesha mahali pamoja, kisha pengine. Mwishowe alivua kofia akasema hajui.

Jirani alizunguka peke yake kwenye yale majani. Aliporudi alimwambia Mama, bila kupaza sauti:

"Ungesema si wako."

"Wewe ndiwe uliyesema."

"Najua nilisema. Ungenikatalia. Ningekwenda naye kwenye lori. Angenifia njiani, au kambini, kama wengine walivyokufa. Lakini ningejua nimemlaza wapi."

Tulimsindikiza mpaka stesheni. Hakukubali chai, hakukubali chakula cha njiani, na treni ilipokuja alipanda bila kutushika mkono.

Jumapili iliyofuata Baba alirudi makaburini peke yake, akatafuta tena, asipaone. Alikaa huko mpaka jua likaanza kushuka. Alipoingia ndani Mama aliviangalia viatu vyake, vilivyojaa udongo, akavichukua kwenda kuvipangusa nje.