Kivuli cha bakuli la kijiko

Jumatatu, hapa Likombe, niliona wanaume wawili wazima, dereva na fundi wake, wakila mihogo chini ya bakuli la chuma la kijiko, ile mashine ya kuchimba inayotengeneza barabara yetu. Kila mchana huliacha limeinuliwa juu, wakatandika mkeka chini yake, eti kivuli. Mwanangu wa miaka miwili alikuwa kakaa katikati yao, na mimi nikaona oili inadondoka mchangani kutoka kwenye mpira wa oili unaolishikilia lile bakuli juu!

"Kaka, mashine inavuja!"

"Jasho tu hilo, shemeji," dereva akasema. "Hata wewe ukipika si unatoka jasho?" Fundi wake akacheka mpaka akapaliwa.

"Oili umepima leo?"

Akaniinulia daftari la ukaguzi. Alikuwa ameshatia vema kila mstari, oili, breki, maji ya rejeta, mpaka Ijumaa.

Nilimnyakua mtoto nikakimbia. Mtoto akalia kwa sababu ya muhogo wake, nao wakatoka kumletea, huku wakinizomea, "Mama mwoga huyu!" Nyuma yao bakuli likashuka taratibu, likalala juu ya mkeka, birika na daftari.

Fundi alikaa chini pale pale. Dereva akajikuna kidevu, akasema, "Birika lilikuwa jipya."

Mkaguzi akija Ijumaa, nitamwonyesha daftari liliko. Linasema kila kitu ni sawa.