Jezi Nyeupe ya Pandu

Jaku wa Mkunazini alikuwa fundi wa kuandika mabango, na tangu Mapinduzi kazi yake kubwa ilikuwa vibao vya ofisi: herufi zimesimama wima, kavu, hazina utani na mtu. Raha yake ilikuwa jezi za timu ya Radi, aliyochezea mwanawe, Pandu. Hapo ndipo alipojiachia. Aliandika RADI kwa herufi nene zilizoinama mbele, kila moja kama inaifukuza ya mbele yake. Watu wazima na akili zao walibishana barazani kwamba jezi zile huwaongezea wachezaji mbio. Pandu, winga wa kulia, alikuwa wa kwanza kuapa.

Rangi haikai vizuri kwenye nguo iliyolegea. Kwa hivyo Jaku aliitandaza jezi juu ya ubao, akaikaza pembeni kwa misumari midogo. Siku ya fainali ya mwaka 1968 alichelewa, akaenda kumalizia kazi Mnazi Mmoja, kando ya uwanja. Wachezaji wakamzonga, kila mmoja anataka yake. Akawa anang'oa misumari na kuitupa mkebeni, bila kuangalia kama yote imeingia.

Pandu alicheza miguu mitupu, kama kawaida yake. Akakanyaga msumari. Jaku mwenyewe ndiye aliyeuchomoa. Akauona kichwani una rangi yake nyekundu, akautia mfukoni.

"Si kitu, baba," Pandu alisema. Akajimiminia mafuta ya taa kidondani, akarudi kucheza. Wakashinda.

Baada ya wiki taya zikamkaza. Pepopunda haikumpa hata nafasi ya kuaga.

Siku ya hitima Jaku alimwonyesha mkewe, Kazija, ule msumari. Kazija aliutazama, akaingia ndani. Tangu hapo akawa anampakulia chakula na kumwitikia salamu, basi. Nyumba ile ilikuwa chungu, jamani. Jaku naye hakugusa tena jezi ya mtu.

Mwaka 1971 Hamad, nahodha wa Radi, alikuja na jezi moja nyeupe.

"Shikamoo, mzee. Tunataka ya Pandu, tuitundike klabuni. Utuandikie wewe."

"Marahaba. Ubao nshautia motoni, mwanangu. Sina pa kukazia."

Kazija akatoka jikoni anafuta mikono, akaketi mbele ya mumewe. Akaishika jezi kwa mikono miwili, akaivuta mpaka ikakaza.

"Andika," alisema. "Iinamishe kama alivyopenda mwanangu."

Jaku alichovya brashi huku analia. Aliandika polepole. Alipomaliza, wote watatu waliona: herufi zimesimama wima, kama za kibao cha ofisi.

"Mkono umekataa, mke wangu," alisema.

Kazija aliigeuza jezi upande wa pili, akaikaza tena.

"Nnangoja," alisema. "Andika."